Kabla ya kudai majina yabandikwe, tudai mwajiri alazimishwe kuuliza

Mtoto akibakwa au kulawitiwa, iwe Sombetini jijini Arusha au Pasua mjini Moshi, dai moja huibuka kabla hata mtuhumiwa hajafikishwa mahakamani: majina ya waliowahi kufungwa kwa makosa haya yatangazwe, picha zao zibandikwe ofisi ya mtaa, kila mzazi aweze kuziona kwenye simu yake. Dai hilo linatoka kwenye uchungu wa kweli. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mzazi anayetaka kumjua mtu anayeshinda na mwanawe ana haki ya kujibiwa.

Jibu hilo hatalipata kwenye orodha ya ukutani. Atalipata siku sheria itakapomlazimisha mwenye shule, mwenye kituo cha watoto, mwenye basi la wanafunzi na kiongozi wa nyumba ya ibada kuuliza kabla ya kumkabidhi mtu watoto, na kuilazimisha ofisi moja ya serikali kumjibu kwa muda uliowekwa. Mjadala wetu umekwama kwenye nani aruhusiwe kuona. Wa kwanza kuzungumziwa ni yule anayepaswa kuulizia na leo haulizii.

Tuwatazame kwanza watakaokuwemo kwenye orodha hiyo. Sheria ya Makosa Maalum ya Kujamiiana ya 1998, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha pale aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10. Piga hesabu. Aliyehukumiwa miaka 30 mwaka 1999 anamaliza 2029, kama hakupata punguzo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majina ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro itakuwa ya watu walio ndani ya kuta za magereza ya Karanga na Kisongo. Mzazi wa Njoro atasoma majina ya watu ambao hawezi kukutana nao kwenye daladala.

Walio nje watakuwa mchanganyiko. Wapo waliotolewa kwa msamaha wa Rais, kama ilivyotokea Desemba 2017 kwa wanamuziki wawili waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha. Wapo wa makosa yenye vifungo vifupi. Na wapo wavulana, maana Kanuni ya Adhabu inasema mvulana wa miaka 18 au chini yake anayetiwa hatiani kwa ubakaji kwa mara ya kwanza apewe adhabu ya viboko tu. Ongeza marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, yanayompa miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Kijana wa miaka 20 aliyempa mimba mpenzi wake wa miaka 17 wa kidato cha tatu atawekwa mstari mmoja na mtu mzima aliyembaka mtoto wa darasa la kwanza. Kisheria wote wawili ni wakosaji, na hakuna anayepunguza uzito wa mimba ya mwanafunzi. Ila mama anayesoma ubao wa matangazo wa mtaa, kati ya ratiba ya mgao wa maji na tangazo la mnada, hataona tofauti hiyo. Ataona majina mawili na neno moja.

Sasa watakaokosekana. Hapa ndipo moyo unapouma, kwa sababu ndio wengi. Anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayefahamika nyumbani: mjomba, baba wa kambo, mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu wa masomo ya ziada, dereva. Kesi yake hufa kwa njia ambayo kila ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi anaijua. Mama anafika polisi, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, mtoto anapimwa, jalada linafunguliwa. Siku chache baadaye wazee wa pande mbili wanakaa. "Mama, huyu ni ndugu yako, tuyamalize nyumbani." Fedha inatolewa, pengine na mbuzi, pombe ya mbege inanywewa. Tarehe ya kesi ikifika mtoto ameshapelekwa kwa bibi Rombo, mama hapokei simu, mwendesha mashtaka anaomba ahirisho, kisha jingine, mwishowe hakimu anaiondoa kesi kwa kukosa mashahidi. Hakuna hatia, kwa hiyo hakuna kumbukumbu. Mwezi unaofuata mtu huyohuyo anaomba kazi ya ulinzi kwenye shule ya bweni wilaya ya jirani, na orodha ya wazi kuliko zote duniani isingemtaja.

Kuna jingine linalosahaulika. Mahakama zetu huficha jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili, hukumu humtaja kwa herufi tu au kama shahidi wa kwanza. Lakini ukibandika jina la baba aliyefungwa kwa zinaa ya maharimu, umembandika na binti yake. Kijiji kizima cha Marangu kitajua ni yupi, na shuleni watajua. Atakayelipa gharama ya uwazi huo ni mtoto, na hakuulizwa.

Hata hatia yenyewe si jambo la kuchukuliwa juujuu. Kesi nyingi za namna hii huanzia mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, na mshtakiwa mara nyingi hana wakili. Aliyefungwa ana siku 10 za kutoa notisi ya kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yake Mahakama Kuu. Rufaa hizo hushinda kwa sababu zinazojirudia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoonekana kwenye mwenendo wa kesi, ushahidi wake unaweza kufutwa, na mara nyingi ndio uliobeba kesi nzima. Pengine umri wa mtoto haukuthibitishwa, wala kwa cheti cha kuzaliwa wala kwa kauli ya mzazi. Hapa Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2018 iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki ya mtu aliyefungwa miaka 30 kwa ubakaji kwa kutompa msaada wa bure wa kisheria. Orodha inayochapishwa siku ya hukumu ya kwanza itawabeba na watu ambao miaka miwili baadaye wataachiwa, na picha iliyokwisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hairudi. Kwa wananchi wenye hasira kali, karatasi ya rufaa si kitu.

Nchi zilizotangulia zimeacha mafunzo ya kutosha. Marekani ilianza kulazimisha majimbo kuwa na rejista mwaka 1994, na mwaka 1996 Sheria ya Megan, iliyopewa jina la mtoto wa miaka saba aliyeuawa New Jersey, ikafungua taarifa hizo kwa umma. Sheria ya 2006 ikaweka madaraja matatu: miaka 15, miaka 25 na maisha, huku mkosaji akitakiwa kujitokeza mwenyewe kuhuisha taarifa zake mara moja kwa mwaka, kila miezi sita au kila miezi mitatu kulingana na daraja lake. Ni mfumo mkubwa na wa gharama. Majimbo mengi yaliongeza marufuku ya kuishi karibu na shule, na mwaka 2007 idara ya magereza ya Minnesota ikachunguza wakosaji 224 waliorudia makosa: haikupatikana kesi hata moja ambayo marufuku hiyo ingeizuia. Wengi wao waliwafikia watoto kupitia uhusiano na watu wazima waliowafahamu, hasa mama wa mtoto. Hiyo ni hadithi ya mitaa yetu ya Unga Limited na Majengo pia.

Uingereza ilikwenda njia nyingine baada ya kuona hatari. Mwaka 2000 gazeti moja lilichapisha picha na majina, vurugu zikazuka mtaa wa Paulsgrove huko Portsmouth, na huko Wales daktari wa watoto akaandikiwa tusi kwenye mlango wa nyumba yake kwa sababu mtu alichanganya jina la taaluma yake na neno la wanaowadhuru watoto. Rejista yao ilibaki mikononi mwa polisi. Mzazi, bibi au jirani anaweza kwenda polisi na kuuliza kuhusu mtu maalumu anayekutana na mtoto maalumu. Polisi wakikuta hatari, humwambia yule anayeweza kumlinda mtoto, hata kama si yeye aliyeuliza, na aliyeambiwa hutakiwa kuitunza siri hiyo. Kenya, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, ilimpa Msajili wa Mahakama Kuu kazi ya kutunza rejista inayoweza kuonwa na mtu mwenye maslahi ya msingi. Nigeria ilizindua hifadhidata yake Novemba 2019, na sehemu ya waliotiwa hatiani iko wazi.

Ya kuazima kwetu ni ya Afrika Kusini. Sheria yao Na. 32 ya 2007 ilianzisha Rejista ya Taifa ya Wakosaji wa Kujamiiana, na marekebisho yaliyoanza kutumika 2022 yakaipanua hadi kwa watu wote walio katika mazingira hatarishi. Aliyemo haruhusiwi kufanya kazi na watoto. Mwajiri lazima aombe cheti kabla ya kuajiri, na kwa walio tayari kazini pia. Asiyeuliza anatenda kosa. Pembeni yake kuna rejista ya pili chini ya Sheria ya Watoto ya 2005, yenye sehemu inayoitwa Sehemu B, ambayo hupokea hata uamuzi wa kikao cha nidhamu kilichoundwa kisheria na kumkuta mtu hafai kufanya kazi na watoto. Mwalimu aliyefukuzwa kwa kumshika mwanafunzi, ambaye kesi yake haikufika mahakamani, anabaki kwenye kumbukumbu. Hiyo ndiyo inayoweza kumnasa yule wa mbuzi na mbege, kama mwajiri wake alimfikisha kwenye kikao cha nidhamu. Mwanzoni mwa 2025 waziri wao wa sheria alitangaza kuifungua rejista ya wakosaji kwa umma, kisha akasogeza mbele baada ya pingamizi la mdhibiti wa taarifa. Hata wenyewe bado wanabishana kuhusu ukuta, lakini kuhusu mlango, yaani mwajiri kuuliza kwanza, walishakubaliana.

Na kwa Arusha na Moshi kuna mlango ambao uko wazi leo, hauhitaji kulisubiri Bunge, na wengi hawaupiti. Miji hii miwili hupokea vijana na wazee wa kujitolea kutoka nje kwa mamia: wanaofundisha Kiingereza kwa wiki tatu Moshono, wanaolala kwenye vituo vya yatima, wanaochangia madawati wakishashuka Kilimanjaro. Mwenye kituo huona aibu kumwuliza mgeni aliyekuja na sanduku la vitabu. Aibu hiyo iachwe. Nchi zao zinajua kwamba baadhi ya wakosaji husafiri kufuata sehemu zisizouliza, na zimetunga sheria kwa sababu hiyo.

Kwa Mmarekani, omba pasipoti yenyewe, usikubali nakala ya ukurasa wa picha peke yake. Chini ya sheria ya 2016, pasipoti za wakosaji waliosajiliwa kwa makosa dhidi ya watoto hupigwa maandishi ndani ya jalada la nyuma yanayosema mwenye hati hiyo alitiwa hatiani kwa kosa la kujamiiana dhidi ya mtoto. Utaratibu ulianza 2017, kwa hiyo pasipoti ya zamani zaidi inaweza kukosa maandishi hayo. Kisha ingia kwenye tovuti ya taifa ya wakosaji wa kujamiiana ya Marekani, inayotafuta kwenye rejista za majimbo kwa mkupuo mmoja na bila malipo. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha jina la kuzaliwa na la ndoa ya zamani, maana tovuti hutafuta jina na haitafuti mtu. Usipokuta kitu usidhani umemaliza: New York, kwa mfano, haiwaweki mtandaoni wa daraja la chini. Kinachokamilisha ni ripoti ya kumbukumbu za jinai ya FBI, inayotolewa kwa alama za vidole kwa dola 18, na mwombaji huiagiza mwenyewe kabla ya kukata tiketi.

Mwingereza adaiwe Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Mtoto, kilichotengenezwa hasa kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi yao. Mkosaji aliyesajiliwa Uingereza hutakiwa kuwaarifu polisi siku 7 kabla ya kusafiri, lakini taarifa hiyo haifiki mezani kwa mkuu wa kituo huko Usa River. Mjerumani ana cheti cha mwenendo cha aina mbili, na kinachohusu kazi na watoto ni kile kilichopanuliwa. Kile cha kawaida kisipokelewe. Mholanzi ana cheti chake cha mwenendo, na Australia tangu 2017 inaweza kumnyang'anya pasipoti mkosaji aliyesajiliwa. Kosa linalojirudia ni kupokea cheti cha miaka minne iliyopita kilichotolewa kwa kazi ya dukani. Tazama tarehe, tazama kimetolewa kwa kazi gani, na kikipita miezi sita omba kingine.

Kwa Mtanzania mwenzetu, kuanzia mpishi hadi mkuu wa shule, uchunguzi una hatua zake. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kwanza, kwa sababu akina Massawe, Mushi na Lyimo ni wengi na jina pekee halimtambulishi mtu. Cheti cha tabia njema cha Jeshi la Polisi pili, kinachotokana na alama za vidole. Kinasema juu ya siku kilipotolewa, hakisemi juu ya kesho, kwa hiyo kirudiwe kila baada ya miaka miwili. Tatu, tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure. Aliyefungwa na kukata rufaa huonekana kama mrufani dhidi ya Jamhuri. Anza na ukurasa wa mwisho, uone kama rufaa ilitupwa au hatia ilifutwa. Ambaye hakukata rufaa huenda asionekane kabisa. Nne, simu. Barua ya utambulisho ya mtaa inathibitisha anapoishi tu. Mpigie mwajiri wa mwisho na aliyemtangulia, umuulize swali hili bila kuzunguka: je, ungemrudisha kazini akiwa peke yake na watoto? Kimya kirefu upande wa pili ni jibu tosha la kuendelea kuchimba. Pengo la mwaka mzima lisilo na maelezo kwenye maelezo yake binafsi ni jingine.

Wanaosahaulika ni dereva na kondakta wa basi la shule, mlinzi wa usiku, fundi anayekaa wiki tatu kukarabati bweni, na mwalimu wa kwaya. Walimu wa darasani walau wana vyeti vinavyokaguliwa.

Sheria tunayoihitaji inaweza kuandikwa kwa kurasa chache. Ofisi moja itunze rejista iliyofungwa, ikiunganisha namba ya NIDA na alama za vidole. Jina liingie muda wa rufaa ukiisha au rufaa ikishaamuliwa, na lifutwe ndani ya siku chache hatia ikitenguliwa. Anayeajiri au kupokea mtu wa kujitolea kwenye kazi za watoto aombe jibu, na jibu liwe neno moja: anaruhusiwa, au haruhusiwi. Jina la mtoto, kijiji na maelezo ya kosa visitoke. Mzazi naye awe na dirisha la kuuliza Dawati la Jinsia kuhusu mtu mmoja aliye karibu na mwanawe, kwa sababu iliyoandikwa. Kila swali liandikwe nani kauliza na lini, ili karani anayeuza majina apatikane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za makosa ya jinai kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo msingi upo. Wavulana walioadhibiwa wakiwa na miaka 18 au chini wapimwe kwa tathmini ya afisa ustawi wa jamii, wasiingizwe kwa mkumbo. Na iwepo Sehemu B yetu, ya maamuzi ya nidhamu, yenye nafasi ya kujitetea na kukata rufaa, vinginevyo bwana mkubwa wa shule ataitumia kumkomoa mwalimu aliyedai mshahara wake.

Mwenye shule asiyeuliza aadhibiwe yeye binafsi, na usajili wa shule yake uguswe. Bila kifungu hicho rejista itakuwa kabati lenye kufuli ambalo hakuna anayelifungua.

Shule za bweni za Kilimanjaro huajiri matroni na walinzi Desemba ili Januari iwakute kazini. Kamati za kata za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinaweza, kabla ya hapo, kupita shule kwa shule na vituo kwa vituo zikiuliza jambo moja tu: tuonyesheni faili la kila mtu anayelala ndani ya uzio huu pamoja na watoto. Faili lisilo na cheti, mwenye nalo asilale humo usiku huo. Na mzazi mwenye mashaka leo, bila kusubiri kamati wala rejista, apige 116. Simu hiyo ya watoto ni bure.